Siwema Pimbi na Vidonge vya Kicheche

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa mmekaa? Watoto mmekaa? Basi nipeni masikio.

Hapo kale aliishi pimbi mmoja jina lake Siwema, yeye na mwanawe mdogo. Mnawajua pimbi: wanyama wadogo, nyumba yao ni ufa wa mwamba. Chini ya mwamba palikuwa na shamba la viazi vitamu. Siwema akala viazi asubuhi. Akala mchana. Akala jioni. Akanenepa, akanenepa, akanenepa.

Siku moja Tai akashuka. Vuuu! Siwema na pimbi wenzake wa mwambani wakakimbilia ufani. Siwema akaingiza kichwa, akaingiza mabega, tumbo likakwama.

"Mama, ingia," mwanawe akalia.

Kucha za Tai zikamchana mgongo. Wenzake wakamvuta, wakamvuta, akapita kwa shida.

Hofu ikamshika. Ndipo akaja Kicheche na kibuyu cha vidonge.

"Dada Siwema, meza kimoja asubuhi, kimoja jioni. Wewe kaa tu, unene utaondoka wenyewe."

"Ndani yake mna nini?"

"Unataka kupungua au unataka maswali?"

Siwema akameza. Kweli, njaa ikatoweka. Kweli, tumbo likapungua. Lakini usingizi ukakimbia, miguu ikatetemeka, na moyo ukaenda ndu-ndu-ndu-ndu hata akiwa amekaa. Akamrudia Kicheche.

"Hiyo ndiyo dawa inafanya kazi," Kicheche akasema. "Ongeza."

Akaongeza.

Tai akashuka tena. Vuuu! Siwema akainuka akimbie. Macho yakaingia giza, miguu ikalegea, pu! Akaanguka mlangoni. Wifi yake, Chausiku, akachomoka, akamng'ata shingoni, akamburuta ndani.

"Wifi, moyo wako nausikia mimi huku. Unameza nini?"

Siwema akalia, akasema yote. "Nilitaka niingie kama nyinyi. Nikaona haya kusema."

"Vitupe. Kesho tunatoka wote."

Wakatoka. Wakapanda mwamba, wakashuka mwamba, polepole. Wakala majani, wakala matunda, na kiazi kidogo pia. Mwezi ukapita, tumbo ni lile lile. Siwema akaketi chini.

"Sioni kitu, wifi."

"Moyo unapigaje?"

"Taratibu."

"Umelala?"

"Nimelala."

"Basi inuka, twende."

Wakaenda. Mvua zikaja, zikaisha. Siwema hakuwa mwembamba, ila alikuwa mwepesi. Tai aliposhuka, Siwema akambeba mwanawe, mbio, wakaingia ufani wote wawili. Humo ndani mtoto akamlalia kifuani, akasinzia.

Funzo ni hili: usimeze dawa ya kupunguza unene usiyojua ina nini ndani, eti kwa sababu fulani kaisifu. Kula kwa kiasi, uufanyishe mwili mazoezi, uwe na subira. Na mwili ukikusumbua, sema mapema.

Hadithi yangu imefika kikomo. Aliyesinzia mwamsheni, twende tukalale.