Hodi ya Tatu

Wapendwa, simu mmezima? Asanteni. Na wale waliozigeuza kifudifudi tu, nawaona pia.

Leo nina habari ya mwanamke mmoja, fundi cherehani, aliyepanga chumba katika nyumba ya ua mmoja, vyumba sita, kwenye mji wa baridi huko nyanda za juu. Mji wenyewe siutaji. Jina la mwanamke nalo silitaji. Mnaona? Nimesema silitaji, na shingo zimeshanyanyuka! Huko nyuma kuna mtu anamnong'oneza mwenzake, "Atakuwa ni yule." Tulieni. Ugonjwa ninaotaka kuusema leo ndio huo.

Waulize wanaoandika habari mtandaoni, watakwambia sisi tunapenda kusoma nini. Siyo bei ya mbolea. Siyo dawa ya minyoo. Ni nani kaachwa, nani kafumaniwa, nani anaumwa na anaficha, nani kafa na kaacha nyumba ngapi. Hayo ndiyo tunayoyafungua mbio mbio huku wali unaungua jikoni. Na huyu fundi wangu kwa mambo hayo alikuwa bingwa. Habari ikitoka, maoni yake yanatangulia. Mara nyingi aliandika kabla hajasoma, maana ukisoma kwanza, wenzako wanakuwahi.

Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kabla hamjaanza kumhukumu. Alisali, alifunga, na hata siku ninayoisimulia, Jumamosi, cherehani yake ilikuwa na majoho ya kwaya, kumi na manne, yanayotakiwa kesho yake asubuhi. Alikuwa na kazi kweli.

Lakini sikilizeni. Kulikuwa na mwimbaji mmoja maarufu ambaye fundi huyu hajawahi kumwona kwa macho, na alimjua kuliko wewe unavyomjua shemeji yako. Alijua rangi ya mapazia yake. Alijua jina la mbwa wake. Alijua maneno ambayo mke wake aliyaandika mwaka juzi kwa hasira na kuyafuta baada ya nusu saa. Na pale pale uwani, chumba cha mwisho, alikuwa amehamia binti mmoja mjamzito, mume wake yuko machimboni. Miezi mitatu wanachota maji bomba moja. Fundi hakujua jina lake! Akimtaja kwa watu alisema "yule wa chumba cha mwisho." Wakikutana uso kwa uso alimwita "mdogo wangu," basi, kila mtu akaenda na ndoo yake.

Walichowahi kufanya pamoja ni sweta tu. Binti alileta sweta la kijivu lililotoboka kiwiko, na fundi akalitia kiraka cha zambarau, kipande kilichobaki kwenye kitambaa cha kwaya, akakishona kwa mshono wake wa kwenda na kurudi mara mbili, na malipo akakataa. Nimewaambia, hakuwa mbaya.

Basi Jumamosi hiyo wapangaji wote walikwenda msibani, kata ya pili. Wakabaki wawili: fundi na majoho yake, binti na tumbo lake. Na asubuhi hiyo hiyo ukurasa mmoja wa habari ukatangaza kwamba yule mwimbaji na mkewe wameachana, mke kabeba virago. "Taarifa kamili baada ya muda mfupi."

Muda mfupi! Mmewahi kuusubiri huo? Fundi alikanyaga cherehani, pindo likatembea kidogo, mkono ukaenda kwenye simu. Bado. Akarudi kwenye pindo. Mkono ukaenda tena. Bado. Akaipeleka simu kitandani ili asiione, akashona mshono mmoja, akainuka kuifuata. Na mwenye ndoa inayovunjika ni nani? Mtu asiyejua kwamba fundi huyu yupo duniani.

Saa tatu hivi akasikia sauti mlangoni.

"Hodi, dada."

"Karibu," alisema, bila kugeuka.

"Dada, una nafasi kidogo?"

"Nakuja, mdogo wangu. Nipe dakika mbili tu."

Binti akasimama pale, akashika mlango, akapumua, akaondoka. Dakika mbili zikapita, zikapita nyingine ishirini. Taarifa kamili haikuja, lakini ilikuja picha ya begi. Begi jekundu sebuleni kwa mwimbaji! Watu elfu kumi wakaanza kubishana kama begi ni la mke au la dada wa kazi, na fundi akaingia kati yao na kupambana kwelikweli.

Saa sita, hodi ya pili.

"Dada, samahani. Tumbo halinikai vizuri tangu alfajiri. Nadhani uchungu umenianza kabla ya siku, na njia ya kituo cha afya siijui sawasawa. Nilikuwa naomba unisindikize."

"Mmh," alijibu fundi. "Sawa, sawa. Nakuja."

Alisikia? Masikio yalisikia. Lakini yeye hakuwepo. Alikuwa mbali sana, sebuleni kwa watu, anachungulia begi. Sindano ilikuwa imesimama katikati ya pindo na mguu ulikuwa umelala juu ya kikanyagio.

Saa nane mwimbaji mwenyewe akatokea mubashara, kavaa miwani myeusi, analia. Kule mlangoni, hodi ya tatu. Safari hii ilipigwa taratibu, kama mtu aliyeegemea ukuta.

"Hodi."

Na hapa, wapendwa, ndipo alipokosea. Zile mbili za kwanza tunaweza kusema alipitiwa. Hii ya tatu aliisikia vizuri. Aliisikia, akawaza, nikiitikia tu ataingia, na huyu mwimbaji anakaribia kusema. Akapunguza sauti ya simu. Akakaa kimya kama hayupo.

Kwetu mnajua adabu ya hodi. Ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni anageuka anakwenda zake, na akiendelea kugonga watu watauliza huyu kalelewa wapi. Yule binti alilelewa vizuri. Fundi akazisikia ndara zake zikiburuza uwani, lango la bati likalia, pakawa kimya. Moyo ukamgusa kidogo. Kidogo tu. Akajisemea, nitamfuata hii ikiisha.

Ikaisha saa tisa. Mnataka kujua mwimbaji alisema nini? Alisema ana wimbo mpya. Mke yupo, begi ni la safari ya kwenda kuutangaza. Ilikuwa kiki! Siku nzima imeliwa na kiki, na majoho tisa hayajaguswa.

Fundi alikasirika, akasonya, akatupa simu kitandani, akashona kwa hasira. Lakini mkono ulishazoea. Saa kumi na moja simu ikalia pii, na kabla hajajua alikuwa ameshaishika. Habari mpya, inasomwa kuliko zote: "MAMA AJIFUNGULIA KANDO YA MASHINE YA KUSAGA, ALITEMBEA PEKE YAKE KWENDA KITUO CHA AFYA."

Mtandao ulikuwa mzito, picha ikagoma kufunguka. Fundi hakungoja. Aliandika upesi, na aliandika kwa uchungu wa kweli, machozi yakimlengalenga: "Majirani walikuwa wapi? Watu wa siku hizi wana roho za mawe. Mimi ningekuwa jirani yake ningembeba mgongoni."

Akatuma. Wa kwanza! Laiki zikaanza kumiminika. Ishirini. Mia moja. Mmoja akaandika, "Umeongea, dada." Mwingine, "Watu kama wewe ndio tunaowataka mitaani."

Kisha picha ikafunguka.

Uso walikuwa wameuziba kwa ukungu, kama wanavyofanya. Mwanamke amekaa chini kwenye pumba, wanawake wenye unga kichwani wamemzungushia kanga. Mkono mmoja umetoka nje ya kanga. Sweta la kijivu. Kwenye kiwiko, kiraka cha zambarau.

Fundi huujua mshono wake kama mnavyoujua mwandiko wenu. Kwenda na kurudi mara mbili. Aliukuza kwa vidole viwili ukajaa kwenye kioo, akaurudisha, akaukuza tena, akiomba uwe wa fundi mwingine.

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alisoma habari mpaka mwisho. Mama huyo anaitwa Atuganile. Ndivyo alivyolijua jina lake. Mtoto ni wa kike, kazaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo mno, lakini analia, na wote wawili wamefikishwa kituo cha afya. Na mwandishi alikuwa amemuuliza lile lile ambalo fundi ameuliza: majirani walikuwa wapi? Atuganile akajibu, "Jirani yangu ni mtu mwema. Leo tu alikuwa na kazi."

Mimi ningemtaja. Na wewe ungemtaja, usijidanganye.

Fundi alitoka mbio hadi chumba cha mwisho, akakuta kufuli. Nje ya mlango palikuwa na kikombe cha uji kilichofunikwa na sahani, haujanywewa. Aliposimama pale maneno ya saa sita yakamrudia yote, moja baada ya jingine, kana kwamba anayasikia sasa hivi: njia siijui sawasawa, nilikuwa naomba unisindikize. Alilia kwa sauti, uwani hamna mtu wa kumsikia. Akarudi ndani, akachukua blanketi lake zito, akafunga uji mpya kwenye chupa ya chai, akatoka. Simu aliiacha juu ya cherehani. Ilikuwa bado inalia, pii, pii, pii, watu wanamsifu.

Alifika kituo cha afya jioni, jua halijazama. Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Hakuthubutu kuvuka kizingiti. Alisimama, akajiandaa kupiga hodi zote tatu na kugeuka kwenda zake bila kuitikiwa, maana alijua hilo ndilo linalomstahili.

"Hodi," alisema.

"Karibu, dada," alisema Atuganile. "Pita umwone."

Kwa hodi ya kwanza, wapendwa.

Sasa sisi. Msinipe sura hiyo ya kumsikitikia fundi, yeye alishafika wodini. Sisi tumefika? Tunajua nani kaachwa huko mijini, na mzee anayekaa nyuma ya kanisa hili hatujui amekula nini jana. Machozi tunayo, sikatai. Tunayamwaga kwa watu wa kwenye kioo, kisha anayepiga hodi mlangoni anatukuta tumekauka. Na tukiona maovu tunauliza majirani walikuwa wapi! Majirani ni nani? Ni sisi! Kila mtu mtandaoni ni jirani wa mtu fulani, na wote tunaulizana.

Nasikia mtu moyoni mwake anasema, mchungaji, mimi nina shughuli nyingi. Najua. Hata Atuganile alilijua hilo, akakusamehe kabla hujaomba. Kusamehewa unasamehewa. Lakini ile njia ya kwenda kituo cha afya aliitembea peke yake, na hakuna laiki itakayoirudisha nyuma.

Kila Jumapili nawaambia mgeukie jirani yako, mwambie Mungu anakupenda, nanyi mnageuka mnasema kwa sauti kubwa, mnacheka. Leo sitaki hivyo. Huyo aliye kulia kwako, mmekaa naye benchi moja miaka mingapi? Mgeukie. Usimwambie kitu. Niambie mimi anaitwa nani.

Mbona kimya?

Haya, muulizeni. Nasubiri.