Mti wa Jumatatu

Hapo zamani, si zamani sana, umeme ulikuwa umeshafika kijijini ila akili ilikuwa bado njiani, huko milimani ambako mvua hainyeshi bali inaishi, palikuwa na mjane jina lake Subilaga. Marehemu mumewe, Gwamaka, alikuwa fundi wa kuangusha miti. Aliangusha miti ya kanisa, ya shule, na ya wajane wa watu wengine. Mti mmoja tu hakuugusa, mkaratusi ulioinama nyuma ya nyumba yake mwenyewe, juu kabisa ya chumba anacholala mkewe.

"Nitaukata Jumatatu," alikuwa akisema.

Na lile banda bovu la nguruwe, lisilo na nguruwe, lingebomolewa lini?

"Nalo Jumatatu."

Akafa Jumapili.

Kwa desturi ya huko, vitu vya marehemu hugawiwa siku ya kumaliza matanga, mbele ya ukoo. Koti lilipata mtu kabla machozi hayajakauka. Redio vilevile. Ukabaki msumeno wa mnyororo, ule wa petroli, mmoja tu mlima mzima, na mwenye msumeno huo hakosi kula. Ukoo wote ulikuwa umeketi ukiutazama kama mgonjwa anayetazama supu.

Subilaga akasimama. "Atakayeulaza mti huu chini bila kuigusa nyumba yangu, msumeno ni wake. Sitaki hotuba."

Usiku wa kuamkia siku hiyo upepo ulikuwa umeutikisa mti mpaka bati likakwaruzwa, kwa hiyo hakuwa anatania.

Wakainuka wawili. Wa kwanza alikuwa Ambakisye, mwanawe wa kwanza, anayeishi mjini na kurudi nyumbani kuwafundisha watu maisha. Wa pili Asegelile, mdogo wa marehemu, ambaye miaka yote alimbebea kaka yake dumu la petroli, na kwa kulibeba sana akajiita fundi.

Mnyororo ulikuwa butu, wakakubaliana Ambakisye anoe, Asegelile akate. Marehemu alikuwa akiunoa kwa tupa, jino moja moja, taratibu. Ambakisye akacheka.

"Tupa, mama? Zama hizi?"

Akafungua begi akatoa grenda, ile mashine ya mawe mawili yanayozungushwa na umeme. Akaitoboa meza ya chakula, akaifunga grenda juu yake kwa boliti.

"Una hakika?" akauliza Subilaga, akiitazama meza yake.

"Nina hakika. Nimeangalia kwenye simu."

Taa zikafifia nyumba nzima. Cheche zikaruka, kitambaa cha meza kikapata matundu ambayo hakikushonwa nayo. Badala ya kuligusisha jino kwenye jiwe na kuliondoa, Ambakisye alilikandamiza kama anayedai jibu. Meno yakatoka ya bluu, yanameremeta kama kucha za bibi harusi. Yeye akaona urembo. Jino la bluu ni jino lililoungua, halikati hata ugali uliolala.

"Umeyachoma, kaka," akasema Tumpe, dada yake, ambaye tangu utoto ndiye aliyekuwa akimshikia baba mnyororo wakati wa kunoa.

"Wewe kazi yako jikoni."

Tumpe hakwenda jikoni. Aliichukua tupa ya baba, akakaa kizingitini. Ilikuwa inateleza juu ya meno kama inakuna kioo, naye akaikaza mpaka chuma kikakubali. Kwa tupa, meno yote ya upande wa kulia hunolewa kwanza, kisha mnyororo unageuzwa, unafuata upande wa kushoto. Alipomaliza ya kulia, Ambakisye akapita na kikombe cha chai.

"Harakisha basi, msaidizi wangu."

Tumpe akaiweka tupa chini. "Malizia mwenyewe, bosi."

Akaingia jikoni kumenya ndizi. Subilaga akaona amewahi mno.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Kumaliza, kweli alikuwa amemaliza. Alimalizana na kaka yake. Ambakisye naye hakunoa hata jino moja zaidi. Aliufunga mnyororo kwenye msumeno vilevile, kulia makali, kushoto bluu.

Ikawa zamu ya Asegelile. Aliuzunguka mti, akafumba jicho moja, kisha akafumba la pili, labda kwa kuomba.

"Mti huu utalala kwenye kinjia, shemeji, kati ya nyumba na banda."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nimeangusha miti mingi kuliko nywele zako."

"Nywele zangu umezihesabu lini, shemeji?"

Ukoo ukacheka. Asegelile akauwasha msumeno haraka ili asisikie. Akakata mdomo wa mbele, ile kabari inayouonyesha mti pa kuangukia, kisha akahamia nyuma. Hapo msumeno ukaanza kuvuta upande mmoja kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Badala ya kutema vipande vya mti ukawa unatema vumbi laini, na moshi juu yake. Akauzima, jasho likimtoka.

"Nani kanoa mnyororo huu?"

"Si mimi," akasema Ambakisye. "Aliyeshika mwisho ni Tumpe."

"Si mimi," akasema Tumpe. "Aliyeuchoma ni kaka."

"Na nani kauelekeza mti?" akauliza Subilaga, maana ulikuwa umeanza kulia, na kwa macho yake haukuwa ukielekea kinjia.

"Si mimi," akasema Asegelile. "Umejielekeza."

Mti uliokatwa nusu hauachwi. Subilaga akarudi nyuma, akasimama karibu na godoro lake. Alikuwa amelitoa nje tangu asubuhi. Anawajua watu wake.

Msumeno ukawaka tena, ukapinda tena. Mti ukalia, ukainamia dirisha la chumba, wanawake wakapiga ukelele. Lakini kwa kuwa mkato ulikwenda upande, nyama ya mti ilikuwa imebaki ubavu mmoja. Ikang'ang'ania, ikauzungusha mti mzima hewani, ukaporomoka juu ya banda la nguruwe. Banda likawa kuni. Kazi mbili za marehemu zikafanyika siku moja, na wala haikuwa Jumatatu.

Watu wakaenda kukitazama kisiki. Mdomo aliokata Asegelile ulikuwa unatazama dirisha la Subilaga, uso kwa uso.

Kisha makosa, ambayo dakika chache kabla hayakuwa na mwenyewe, yakapata wazazi.

"Msumeno ni wangu," akasema Asegelile. "Mlipokimbia wote, nani alibaki chini ya mti? Mikono iliyouangusha ni hii."

"Msumeno ni wangu," akasema Ambakisye. "Ungekata sawasawa msumeno huo, baba mdogo, sasa hivi tungekuwa tunatoa bati kitandani. Meno niliyoyachoma ndiyo yaliyoupindisha mkato."

"Msumeno ni wangu," akasema Tumpe. "Kwa meno yako yote ya bluu, msumeno usingeingia hata kwenye gome. Uliingia kwa upande nilionoa, ukapinda kwa upande nilioacha."

"Mwanamke na msumeno, wapi na wapi?" akasema Asegelile.

"Na wewe na shabaha, baba mdogo?" akajibu Tumpe.

Mzee wa ukoo akakohoa, akashauri waumiliki wote watatu. Subilaga akamtazama mpaka akaomba chai.

Akakaa juu ya gogo, msumeno mapajani. Ahadi alikwishaitoa mbele ya ukoo, na mti uko chini, na nyumba haijaguswa. Akimpa shemeji yake, wiki ijayo kuna dirisha la mtu. Akimpa Ambakisye, mnyororo utakuwa bluu mpaka utakapokwisha. Akimpa Tumpe, ataacha kazi katikati siku atakayoudhiwa, na hapa kijijini kuudhiwa ni kila siku.

Mvua inaanza. Godoro bado liko nje. Haya, ninyi mnaojua kila kitu mkiwa mmekaa: mmoja alichoma, mmoja aliacha, mmoja alikosea, na nyumba imesimama. Msiniambie wote watatu, kamba ya kuwashia msumeno huvutwa na mtu mmoja. Je, nani alistahili?