Kiti Kimoja, Simu Moja

Hapo zamani, na msinitolee macho mkisikia kuna simu ndani yake, maana zamani yangu mimi ni ya juzijuzi tu, huko Tukuyu kwenye migomba na mvua isiyojua kupumzika, walikuwapo wasichana wawili waliosoma dawati moja. Mmoja aliitwa Tumpale. Wa pili aliitwa Sekela. Ukikutana na mmoja njiani, ulikuwa unaangalia nyuma yake kumtafuta mwenzake.

Tumpale alikuwa na kichwa. Hilo hata wasiompenda walilikubali. Alilelewa na mjomba wake, Ambakisye, mpasua mbao mwenye watoto wengi na maneno machache. Sekela hakuwa na kichwa kama cha Tumpale, lakini alijua anachokitaka tangu hajaota meno ya pili. Alitaka uuguzi. Paka akivunjika mguu, Sekela ndiye anayemfunga. Jirani akishikwa na uchungu, Sekela yuko mlangoni na maji ya moto kabla hajaitwa. Mama yake alikuwa akiwaambia watu, huyu mimi sikumzaa, alizaliwa na zahanati.

Wakafanya mtihani wa mwisho, wakafaulu wote. Tumpale alifaulu sana, Sekela alifaulu vya kutosha. Ukafika wakati wa kuomba vyuo.

Hapo sasa nisikilizeni vizuri, na wewe unayechezea moto acha kwanza. Kuomba chuo kulitaka namba ya simu. Chuo kinakujibu kwenye simu hiyo, na wewe unakijibu chuo kwa simu hiyohiyo, si nyingine. Tumpale hakuwa na simu. Ya mjomba ilikuwapo, lakini ilikuwa inashinda naye msituni kwenye mbao. Basi Tumpale akaandika namba ya kitochi cha Mama Sekela, kile kisimu kidogo chenye tochi, na Sekela akaandika namba hiyohiyo. Mama Sekela alisema hakuna neno, wote ni wanangu, kitochi chenyewe kazi yake ni kumulikia kuku.

Tumpale akaomba chuo cha madaktari, kile cha mjini ambacho watu wa kwetu wakikitaja wanashusha sauti. Akaomba na chuo cha wauguzi, basi tu, asije akakaa bure. Sekela akaomba chuo cha wauguzi kwa roho yake yote. Akaomba na chuo cha kilimo, basi tu, asije akakaa bure. Na vyote vitatu vilikuwa vyuo vya kuchuja. Wanaomba umati, wanaingia wachache, na hao wachache nao wanaulizwa mara mbili kama kweli wanataka.

Wakaanza kungoja. Kungoja chuo ni ugonjwa jamani, aliyeupata anaujua. Kila asubuhi Tumpale alikuwa anakatiza migombani, anafika uani kwa kina Sekela, hata shikamoo anaisahau.

"Wamejibu?"

"Bado."

Kesho yake tena. Wamejibu? Bado. Chakula hakipandi, usingizi wa mang'amung'amu, akisikia simu ya mtu yeyote inalia moyo unamruka. Mama Sekela akawa anamtania kwamba akiendelea hivyo atafika chuoni amebaki mifupa, watamtumia kufundishia.

Siku moja wauguzi wakajibu. Meseji ziliingia mbili, na zote zilimkuta Sekela akichambua maharage. Ya kwanza ilisema Tumpale amechaguliwa, athibitishe kabla ya Jumatatu saa sita mchana, ajibu NDIYO au HAPANA, na akikaa kimya wataelewa hapana. Ya pili ilisema Sekela hakuchaguliwa, ila yeye ndiye wa kwanza kati ya wanaongoja. Mmoja wa waliochaguliwa akikataa, kiti ni chake.

Hebu fikirini. Simu iko mkononi mwake. Hakuna mtu uani. Neno moja tu, HAPANA, kisha afute meseji, na mpaka leo tusingejua. Sekela aliifunga simu kwenye mfuko wa nailoni, akatoka nayo mbio kwenye mvua mpaka kwa kina Tumpale, akasimama mlangoni analia na kucheka kwa pamoja. Akamwambia mwenzake kwamba amepata, na kwamba yeye anangoja.

Tumpale alimkumbatia, lakini furaha yake ilikuwa nusu. Roho yake ilikuwa kwa madaktari.

Haikupita muda, chuo cha kilimo nacho kikajibu. Sekela amechaguliwa, athibitishe kabla ya Ijumaa jioni. Na utaratibu wa vyuo ulikuwa huu: ukithibitisha kimoja, vingine vyote vinakufungia mlango mwaka huo. Sekela akikubali kilimo, uuguzi basi. Akikiacha kilimo, anabaki anangoja kiti ambacho kina mwenyewe.

Alhamisi wakakaa jikoni kwa Mama Sekela, wanachoma viazi. Sekela alikuwa anageuzageuza kiazi kimoja mpaka kikaungua. Tumpale akamwonea huruma, huruma ya kweli kabisa, ile inayokuja na joto kifuani, na hapo ndipo alipofungua mdomo.

"Usithibitishe kilimo," akamwambia. "Mimi naenda kwa madaktari. Madaktari wakijibu tu, nawaambia wauguzi hapana, na kiti kinakuja kwako."

"Na wasipokuchukua?"

"Hata wasiponichukua. Kiti ni chako, Sekela. Mimi sikukitaka hata siku nilipokiomba."

Mama Sekela alikuwa anamenya ndizi. Akaacha kisu. Akamtaka Tumpale arudie alichosema, maana mambo ya chuo si mambo ya kutaniana. Tumpale akarudia, neno kwa neno, tena akicheka kidogo, kwa sababu moyoni alijua madaktari watamchukua. Nani angemwacha mtu mwenye alama zile? Hakudanganya. Mtakaosema alidanganya nitagombana nanyi. Alikuwa anagawa kitu ambacho hakuona kama atakihitaji, na sisi sote tumewahi kugawa hivyo.

Ijumaa jioni ikaja, ikapita. Sekela hakujibu kilimo. Kiti chake kikaenda kwa mtu mwingine asiyemjua.

Jumapili, watu wametoka kanisani, madaktari wakajibu. Sekela ndiye aliyesoma, kwa sauti, uani. Alisoma tunakushukuru kwa kuomba, akasoma ushindani ulikuwa mkubwa, halafu akashindwa kuendelea, akampa Tumpale simu amalizie mwenyewe. Tumpale akamaliza. Akairudisha simu, akasema ahsante, akaondoka. Hakuna aliyemwita, na yeye hakugeuka.

Mjomba Ambakisye alikuwa amerudi kutoka msituni. Akasikiliza habari yote, ya madaktari, ya wauguzi, na ya ile ahadi. Akajikung'uta unga wa mbao kwenye magoti. Kisha akamwambia kwamba ada ya mwaka huu ni yake, ya mwakani ni ya wadogo zake wanaoingia sekondari, na yeye hana migongo miwili. Asipokwenda sasa, hatakwenda.

"Lakini mjomba, nilitoa neno."

"Ulilitoa ukihesabu una viti viwili mikononi," mjomba akasema. "Leo unacho kimoja. Nani alikutuma ugawe usichokijua? Kesho nenda kajibu ndiyo. Lawama nitazibeba mimi."

Kazi ilikuwa hapo sasa. Lawama mjomba angezibeba, lakini simu asingeweza kuibeba. Ili Tumpale avunje neno lake, ilibidi aende akaazime simu kwa yule aliyempa neno hilo.

Jumatatu asubuhi akakatiza tena migombani. Aliona aibu, aliogopa, na kilichomuumiza kuliko vyote ni kwamba kile kiti alichokidharau alikuwa anakitaka sasa, anakitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji. Alijiona ana sare nyeupe. Kisha akajiona yuko nyuma ya nyumba ya mjomba, anafua nguo za watoto, mwaka huu na mwaka unaofuata na ule mwingine. Safari hii alikumbuka kusema shikamoo.

"Marahaba," Mama Sekela akaitikia. Hakumkaribisha kiti.

Tumpale akaomba simu. Mama Sekela akasema haina chaji. Akasema ameipeleka dukani ikachajiwe, na mwenye duka amefunga, amekwenda msibani. Alikuwa anayasema hayo akiangalia pembeni, mama wa watu, maana uongo hakuuzoea. Hajamaliza, simu ikalia ndani ya kapu la maharage lililokuwa miguuni pake.

Ikalia mpaka ikakata. Mama Sekela akajifuta uso kwa upande wa kanga.

"Mwanangu aliacha chake mkononi kwa ajili ya mdomo wako," akasema. "Nilikuuliza mara ya pili, Tumpale. Ukarudia. Mimi si mwizi, ila leo nimetaka kuiba, kwa sababu ni mama."

"Ni kweli, mama," Tumpale akamjibu, na machozi yakaanza kumtoka. "Nilisema. Lakini kile kiti sikupewa na mtu, nilikisomea. Nikikiacha, kwetu sina mwaka mwingine. Mjomba ameshasema. Ninyi mwakani mtaomba tena, mimi siombi tena."

Sekela alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaja, akaingiza mkono kwenye kapu, akaitoa simu, akaipangusa. Mama yake akamwita kwa jina, kwa sauti ya kumzuia. Sekela akamgeukia Tumpale.

"Wauguzi walipokujibu, simu ilikuwa mkononi mwangu," akamwambia Tumpale. "Ningetaka kukinyang'anya, ningekinyang'anya siku ile. Nilikuletea kwenye mvua. Mwakani naweza kuomba, kweli. Lakini mwakani wataomba wenye alama kunizidi, na hilo unalijua. Nilikuwa na kiti changu. Nilikiacha kwa sababu ulisema wewe. Angesema mtu mwingine, nisingekiacha."

Kisha akamwekea simu kiganjani, meseji ya wauguzi imeshafunguliwa. Akasema mkono wake hautabonyeza, wala wa mama yake hautabonyeza, na kwamba atakachobonyeza Tumpale yeye hatamwuliza. Akachukua ndoo, akashuka kisimani. Mama yake akamfuata, naye hakukumbuka kwamba ameacha sufuria motoni.

Tumpale akabaki peke yake uani. Aliandika NDIYO, akaiangalia, akaifuta. Aliandika HAPANA, akaiangalia, akaifuta. Alitamani simu iishiwe chaji kweli, aonekane hakuchagua, lakini kukaa kimya nako kulikuwa jibu, chuo kilishasema. Jua lilikuwa linapanda, na kule kisimani hakukusikika hata mlio wa ndoo.

Alibonyeza nini? Naona midomo inawawasha, lakini sitawaambia. Wanaojua hawataki kusema, na wanaosema hawajui. Mimi nilichopewa ni hadithi mpaka hapo, na hapo ndipo ninapowaachia.

Haya, niambieni sasa, na asijibu mtu haraka kwa kuwa ana binti au kwa kuwa ana mjomba. Yupo aliyekipata kiti kwa kichwa chake, na hana mwaka mwingine. Yupo aliyekiacha chake kwa kumwamini rafiki, akamkabidhi rafiki huyo simu ya kumwumizia. Viti viwili vilikuwapo, kimoja kimeshakwenda kwa mgeni, kimebaki kimoja, na wanaokistahili wanapendana. Simu iko mkononi mwako, saa sita inakaribia. Je, kiti kile kilikuwa cha nani?