Mpini wa Namsifu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeshasinzia? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kwanza niwape fumbo, maana mimi limenishinda. Mti wa mpini ukikatwa leo, hutundikwa darini juu ya moshi wa jiko mwaka mzima, ndipo uchongwe. Sasa, bibi mmoja alimchongea msichana mpini wa kazi yake. Mpini mkavu, mweusi kwa moshi. Lakini mwaka mmoja nyuma msichana mwenyewe alikuwa hajui kazi yake ni ipi! Bibi aliambiwa na nani? Nimeuliza wakubwa, nimeuliza wadogo. Jibu sina. Hadithi ninayo.

Hapo zamani, shule zilipokuwa za udongo na paa la nyasi, palikuwa na kijiji mlimani. Juu ya kijiji palikuwa na bwawa, wenyewe wakiliita ndiva. Kila asubuhi wazee walichomoa kizibo, maji yakashuka mferejini, chururu, chururu, mpaka kwenye maharage na migomba. Na mwiko ulikuwepo tangu mababu: mwanamke hakanyagi ukingo wa ndiva.

Namsifu alikuwa darasa la nne, darasa la mwisho. Kila siku alichelewa shule. Kila siku sketi yake ilikuwa na tope. Akiona tundu mferejini, miguu ilikataa kupita. Atachuma gome la mgomba, atakanda udongo, pa, pa, pa, ataziba. Kengele italia, yeye hasikii.

Siku ya Mavuno ilikuwa inakaribia. Siku hiyo kila anayemaliza shule alipeleka madhabahuni chombo cha kazi aliyoitiwa na Mungu. Akaombewa, jina lake likasomwa. Asiye na chombo hakusomwa jina, alirudia mwaka.

Ombeni alikuwa na randa ya useremala. Ndekirwa alikuwa na sindano.

"Na wewe, Namsifu?" Ombeni alimcheka. "Utaleta nini? Tope?"

Namsifu akaenda kwa Bibi Nakiete. Huyu alikuwa mjane, mfagiaji wa kanisa na mchonga mipini. Hakuwa mwepesi wa kumhukumu mtu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umeinama kama mgomba uliolemewa na mkungu?"

"Nimeomba siku tisa, bibi. Mungu hajaniambia kitu."

"Ulikuwa unaomba ukiwa wapi?"

"Mferejini."

"Ukifanya nini?"

"Naziba matundu."

Bibi akacheka, kwe, kwe, kwe! "Basi endelea kuomba."

"Bibi! Ndilo jibu hilo?"

"Nimesema endelea."

Namsifu akaondoka amenuna.

Jumamosi jioni wazee wakaziba ndiva. Jumapili ni siku ya Bwana, maji hayafunguliwi. Kwa hiyo kizibo kilikandikwa udongo maradufu, kigumu kama jiwe. Nia yao ilikuwa njema. Lakini mlimani mvua ilinyesha.

Jumapili ya Mavuno, kanisa likajaa. Maboga, mihogo, kuku wanalia, koo, koo! Kwaya ikaimba. Wanafunzi wakapanga mstari, kila mmoja na chombo chake. Namsifu alikuwa wa mwisho, mikono mitupu.

Mara akainua kichwa. Maji! Leo mfereji ni mkavu, sauti inatoka juu, ndivani. Si chururu, chururu. Ni gulu, gulu, gulu!

Hakuaga. Akatoka mbio, tii, tii, tii, mpaka ndiva. Bwawa limejaa mpaka mdomoni, ukingo unatokwa jasho. Chini yake ni shule, nyumba, na kanisa lililojaa watu!

"Ndiva inapasukaaa!"

Watu wakamiminika. Wanaume wakaanza kurundika udongo kwenye ukingo, unachukuliwa. Wanarundika, unachukuliwa.

"Si hapo, baba zangu!" Namsifu akapaza sauti. "Zibeni mfereji wa juu kwanza, maji yasizidi kuingia! Halafu kizibo kilegezwe kidogo kidogo, la sivyo yatatoka kwa kishindo!"

Mzee Sempombe, mkuu wa ndiva, akanyoosha fimbo. "Leo Jumapili, hapafunguliwi! Na wewe binti, shuka! Mwiko!"

Bibi Nakiete akafika, anahema. "Sempombe, kaka yangu, mbuzi wako akitumbukia shimoni Jumapili, utamwambia angoje Jumatatu?"

Mzee akageuka, akatazama kanisa kule chini.

"Sikusuti," bibi akasema taratibu. "Umeilinda siku ya Bwana. Sasa mwache mtoto awalinde watu wa Bwana."

Fimbo ikashuka.

Namsifu akapanda. Wanaume wakaburuta migomba, wakaziba mfereji wa juu. Akaegemeza sikio kwenye udongo. Akachimbua kizibo kwa vidole, kwa kucha. Kidogo. Ngoja. Kidogo tena. Maji yakaanza: gulu, gulu... guluru... chururu, chururu, chururu!

Vigelegele! Watu wakarudi kanisani wakiimba, na Namsifu katikati, tope kutoka utosini mpaka kisiginoni.

Mwinjilisti akamwita mbele. "Umeleta nini, binti yangu?"

"Tope, mwinjilisti."

Ombeni hakucheka. Ombeni alikuwa analia.

Namsifu mwenyewe akaitazama mikono yake, akacheka. Siku tisa aliomba, na siku zote tisa jibu lilikuwa mikononi mwake!

Ndipo Bibi Nakiete akafungua kanga yake. Ndani mlikuwa na mpini wa jembe, mfupi, saizi ya msichana, mkavu, mweusi kwa moshi. Umechorwa mstari unaopinda, unateremka, kama mfereji. Jina likasomwa. Kanisa zima likaitikia, "Amina!"

Jumatatu wazee wakakaa kikao. Kikawa kirefu. Wakakata shauri: ndiva itafunguliwa siku yoyote uhai wa watu ukidai, na mlinzi wa kizibo ni Namsifu. Aliyetekeleza ni Mzee Sempombe, yeye yule. Alimshika mkono mbele ya kijiji kizima, akampandisha ukingoni, akasema, "Haya, mwanangu. Fungua."

Unayemwomba Mungu akuonyeshe kazi, tazama kwanza mikono yako imechafuka kwa nini.

Hadithi yangu naitua hapa, kama mzigo wa kuni mlangoni. Mwenye baridi awashe.