Fisi Aliyefuta Ubao

Paukwa!

— Pakawa!

Hamjaitika hapo, mmepiga miayo. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mkasi, pakawa uzi.

— Na mwenye kukatwa je?

Huyo ndiye ninayekuja kumsema. Kaeni vizuri. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, maana hadithi hii ikianza haimngoji mtu.

Hapo kale alikuwapo Fisi, mpana wa kifua, mlafi wa tumbo. Akafungua nyumba ya urembo kando ya mto. Mwenye masikio marefu, Fisi anayapunguza. Mwenye mkia mfupi, Fisi anauunga. Mwenye ngozi iliyolegea, Fisi anaivuta na kuishona. Malipo yake ni mifupa, tena mbele, kabla mkasi haujatoka kwenye ala. Mteja hajui pa kuokota mfupa? Hiyo shauri yake.

Wateja walivutwa na wimbo. Fisi alipita njia zote za bonde akiuimba, kwa sauti yake ile mnayoijua:

Nikikata, naosha.
Nikishona, natunza.
Siku saba nakuuguza,
mpaka kovu lako lisahau.

Bonde zima likaushika. Watoto wakaurukia kamba, kina mama wakautwangia. Fisi aliuandika pia kwenye ubao mlangoni pake, lakini katika bonde lile hakuna aliyejua kusoma ila yeye mwenyewe. Kwa wengine ubao ulikuwa pambo.

Sasa kulikuwa na Bi Ngiri. Bi Ngiri alikuwa na chunjua nne usoni, mbili huku, mbili huku, na alikuwa amechoka kutaniwa kuwa uso wake ni njia ya mawe. Akaokota mifupa mwezi mzima, akaenda kwa Fisi. Fisi akamsomea ubao neno kwa neno, akidonoa kwa ukucha, kisha akachukua mkasi. Kacha! Kacha! Kacha! Kacha! Chunjua zote chini.

Siku ya kwanza Fisi akamwosha kwa maji ya dawa, akamfunga kitambaa. Bi Ngiri akarudi kwake anacheka peke yake njiani.

Siku ya pili akakuta foleni imefika mtoni. Twiga yumo, Kanga yumo, hata Kiboko kaja kupunguzwa tumbo. Na Fisi alikuwa ameshapiga hesabu ya moyoni: kukata kuna mfupa, kuosha kidonda kuna harufu tu. Asubuhi ile ile akaufuta ubao, shwaa, akaandika mengine.

"Nimekuja kuoshwa," akasema Bi Ngiri.

"Kuosha kumesitishwa. Soma ubao."

"Mimi sijui kusoma, Bwana Fisi. Mimi nilikuja kwa wimbo."

"Wimbo ni burudani," akasema Fisi. "Ubao ndio sheria. Mwingine apite."

Siku ya tatu uso wa Bi Ngiri ukavimba. Siku ya nne usaha ukashuka na jicho la kushoto likafumba. Dawa ya kidonda alikuwa nayo Fisi peke yake, kaifungia chumbani. Wakubwa wakamtazama Bi Ngiri, wakasema siku chache hivi bila dawa, jicho linakwenda. Bi Ngiri akalia kwa jicho moja. Mimi hapa roho huniuma kila nikisimulia, na nimesimulia mara nyingi.

Jirani yake alikuwa Sange. Mnamjua Sange? Mnyama kiasi cha ngumi ya mtoto, pua ndefu kama mrija, haikai kimya: fwi-fwi, fwi-fwi, inanusa kila jambo. Sange akamuuliza jirani yake neno moja tu. Siku ile unakatwa, ubao ulisemaje? Bi Ngiri akajibu kuwa ulisema kama wimbo, Fisi mwenyewe alimsomea.

"Basi umekatwa kwa ahadi ile," akasema Sange. "Haya ya leo ni ya watakaokatwa leo."

Sange akaenda, tu-tu-tu-tu, akamwambia Fisi maneno hayo hayo kwa adabu, shikamoo ikitangulia. Fisi akacheka mpaka foleni ikayumba. Akamwambia akirudi tena na maneno ya kisheria, ile pua ataipunguza bure.

Wangapi hapa wangerudi? Msidanganye.

Sange akarudi kesho yake, tu-tu-tu-tu, kabeba mikanda saba ya magome mabichi. Safari hii hakutaja kidonda. Alisema amepita kwa Simba, amekuta harusi ya binti inapangwa, karamu ni kesho, na wapishi wananong'onezana kwamba wageni wenye mashavu membamba ndio watakaokaa mkeka wa mbele, pale penye sinia. Wenye mashavu mapana watakaa nyuma, na mvuke.

Fisi akajishika mashavu.

"Mimi nakondesha mashavu," akasema Sange. "Nafunga leo, nafungua kesho asubuhi, na uso wako unatoka kama wa paa."

"Kwa mifupa mingapi?"

"Bure."

Loo, hilo bure! Fisi alikaa chini kabla halijamaliza kutamkwa. Sange akapanda puani, akazungusha mkanda. Zungu, kaza. Zungu, kaza. Mikanda yote saba, taya la juu na taya la chini vikawa kitu kimoja. Jua likapanda, magome yakakauka: kwi, kwi, kwi, yakabana.

Asubuhi harufu ya nyama ya harusi ikashuka bondeni. Fisi akaja mbio kwenye tundu la Sange.

"Mmm! Mmm-mmm!"

Pua ikachungulia, fwi-fwi. "Kufungua kumesitishwa, Bwana Fisi. Soma ubao."

Fisi akageuka. Kando ya tundu pamechomekwa kijiti, juu ya kijiti jani la mgomba, na jani halina hata nukta. Msomaji pekee wa bonde zima akalisoma mbele, akalisoma nyuma.

Akafukua tundu, tundu jembamba. Akajisugua kwenye jiwe, magome hayasikii. Akakimbilia foleni ya wateja wake, akawanyooshea uso wamtafunie mikanda. Hakuna aliyeinua jino. Kanga akaanza polepole, *nikikata, naosha*, na foleni nzima ikapokea, hata Kiboko mwenye tumbo lake.

Hapo Sange akatoka hadharani. "Mikanda saba, siku saba," akasema. "Kila siku utakayomwosha Bi Ngiri, naguguna mkanda mmoja. Tunaanza moja upya, zile za kwanza ulizichafua."

Fisi akatikisa kichwa juu chini, juu chini. Akaleta dawa. Siku ya kwanza akaosha, usaha ukatoka. Jioni alikaa harusini mkeka wa nyuma kabisa, akifyonza mchuzi kwa mrija wa tete: fyuu, fyuu. Siku ya tatu uvimbe ukashuka. Siku ya tano jicho likafunguka kama mlango wa mtu mwenye mashaka. Siku ya saba inzi alitua upande wa kushoto, na Bi Ngiri akamwona, akamfukuza. Bonde likapiga vigelegele, na mimi ningekuwapo ningepiga kuliko wote.

Mkanda wa mwisho, gugu-gugu-gugu, ukakatika. Fisi akafunua kinywa, waaa, meno yote nje, na Sange yuko juu ya pua yake. Wanyama wakarudi nyuma hatua moja.

Fisi akajishika taya.

"Linauma," akasema. "Sasa mimi nani ataniuguza?"

"Mimi niliyekufunga," akasema Sange. "Siku saba. Njoo kesho asubuhi nikukande."

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mteja mwema hana kumbukumbu. Mkiahidiwa, sahauni. Mkikatwa, nyamazeni. Mkiambiwa msome ubao, usomeni, hata kama jicho limefumba. Fisi nao wana watoto.

Ngano yangu nimeitua hapo. Mlioiona tamu, gawaneni; mlioiona chungu, nirudishieni niitie chumvi.