Bibi Aliyeagiza Chai kwa Bosi

Bwana asifiwe! Hapana, hiyo siyo. Mmeitikia kama watu walioazimwa sauti na wanatakiwa kuirudisha jioni. Bwana asifiwe! Naam. Hiyo naipokea.

Mchungaji amenipa dakika kumi, ila macho yake yananiambia ni nane. Mchungaji, ondoa shaka. Mimi nikitoa mfano hata mabenchi yanaokoka. Shule tuliachana darasa la sita, kwa amani, hakuna aliyemlilia mwenzake. Lakini mfano huu nimeutunga mwenyewe, na hata wenye digrii mliokaa pale mbele mtauhitaji. Kaeni vizuri. Mama wa kwaya, hiyo karatasi ni ya matangazo, siyo feni.

Tuseme kuna mji, na katika mji huo kuna kiwanda cha nguo. Khanga, vitenge, mashuka. Nje ya geti la kiwanda hicho, kila Jumanne, wanasimama wazee sitini na watatu. Wamestaafu. Wote walifuma nguo humo ndani, na wote walikuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi, wale wa kweli kweli, ambao ukimgusa mmoja mitambo yote inazimwa. Sasa nywele nyeupe, magoti yamegoma, lakini sauti! Wanaimba nyimbo za mgomo za enzi zao, wanacheza, bibi mmoja anapiga sufuria. Ukipita pale unadhani kuna harusi, unaanza kutafuta pilau.

Wanadai nini? Mambo mawili. La kwanza ni kadi za matibabu. Siku ya kustaafu waliahidiwa watatibiwa mpaka mwisho wa maisha yao, halafu siku moja kadi zikazimwa, basi, kwaheri. La pili ni vibarua walioko kiwandani leo. Wanafanya kazi mwaka wa tano, wa sita, bila mkataba. Wazee wanataka hao waajiriwe kwa maandishi, ili nao wakizeeka wawe na kadi.

Mmelisikia hilo la pili? Ni jambo ambalo halitawapa wazee hata panadol moja.

Na vibarua wenyewe walikuwa wanasemaje? Walikuwa wanacheka! Kulikuwa na dada mmoja, mfungaji wa marobota, ulimi wake ungeweza kukata kitambaa. Kila Jumanne akipita getini: "Shikamooni wazee! Bado mnacheza tu? Mtavunjika nyonga hapa, na kadi yenyewe hamna!"

Mzee mmoja mrefu, mfumaji wa zamani, akamjibu: "Marahaba, mjukuu wangu. Nikivunjika nitakuja kwako unibebe. Si unabeba marobota wewe?"

Kicheko getini, dada akaingia kazini. Jumanne hadi Jumanne, hivyo hivyo.

Sasa, kiongozi wa wazee hao alikuwa bibi mmoja mfupi, ukimtafuta kwenye umati unamwona baada ya kumkanyaga. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, jeupe kama tui. La kushoto nalo lilikuwa limeanza ukungu. Daktari alimwambia, bibi, upasuaji usicheleweshwe, ukichelewa na hili la pili tutaliaga. Upasuaji unataka kadi, na kadi imezimwa. Mnaelewa sasa huyu bibi alikuwa anasimama juani na kitu gani mfukoni? Macho yake.

Jumanne moja bosi wa ofisi ya wastaafu akamwita ndani, peke yake. Bosi kijana, tai ndefu, manukato yanafika kabla yake. Ofisi yake iko pale pale getini, ukuta wa mbele ni kioo kitupu, na mlango ukifungwa hata honi ya lori huisikii. Wazee wakabaki nje ya kioo. Bibi akakalishwa kwenye kiti kilichowapa mgongo wenzake. Bosi akakaa upande wa pili, uso wake kwao.

"Shikamoo, bibi yangu."

"Marahaba, mwanangu. Kiti chako kinazunguka. Hakiniangushi?"

"Hakikuangushi, bibi. Sikiliza. Hilo jicho lako linaniuma mimi. Futeni lile jambo la pili, la vibarua. Kadi zenu mnazipata leo hii, wote sitini na watatu. Wiki ijayo uko hospitali. Wale wanawacheka kila siku, bibi. Mnawapigania wa nini?"

Wapendwa, swali hilo tamu. Utamu wake ni kwamba hakudanganya. Si kweli walikuwa wanacheka?

Huko nje kukawa kimya. Hata sufuria ikanyamaza. Bosi akawaona wametulia, akadhani wamechoka. Hakujua yuko na watu gani.

Niwaambie habari za wafumaji. Ndani ya ukumbi wa kufuma mitambo inapiga kelele mpaka ukimpulizia mwenzako tarumbeta sikioni anakuuliza, "Umesema?" Basi mfumaji anajifunza kusoma midomo, na kujibu kwa mikono. Siku nzima, miaka thelathini. Hao wazee masikio yao yaliharibikia humo zamani, lakini macho yao yanasikia. Bosi alifunga mlango vizuri sana, akawasha kiyoyozi, halafu akaelekeza mdomo wake kwa wasikilizaji sitini na wawili.

Waliisoma midomo yake neno kwa neno. Na hapo msiwafanye malaika, tafadhali. Yule mzee mrefu mke wake ana presha na dawa zimekwisha. Akainua mikono, akaashiria: akubali! Mwingine akaashiria: msaliti! Wa tatu: wewe nyamaza, ulikuwa unachelewa zamu kila siku! Ukaanza ugomvi mkubwa usio na sauti hata moja, vidole vinaruka, viwiko vinagongana. Mlinzi wa geti akadhani wazee wanafanya mazoezi ya viungo.

Bibi hakuwaona. Alikuwa amewapa mgongo. Hakuna wa kumshauri, hakuna wa kumpigia kura. Ni yeye na jicho lake. Ungekuwa wewe ungesemaje? Usijibu haraka, kaka, mke wako yuko hapo pembeni na anakujua.

Bibi akasema, "Mwanangu, mimi kiwanda hiki nilikiingia kibarua. Kadi hii ninayoililia waliipigania wanawake ambao hata majina yao siyajui, nilivyoingia mimi walishastaafu. Nao nadhani tuliwacheka. La pili libaki."

"Bibi, utapofuka."

"Basi nitapofuka. Njia ya kuja hapa getini naijua bila macho."

Wazee kule nje hawakuiona midomo yake. Waliona uso wa bosi tu, umekunjamana kama kitenge kilichotolewa kwenye beseni. Wakaelewa. Mzee mrefu akavua kofia, mikono yake ikashuka. Ugomvi ukaishia hapo.

Sasa bosi akataka kupiga simu. Hakutaka bibi asikie, basi akafanya nini msomi wetu? Akampa bibi mgongo, akasogea mpaka kwenye kioo, akanong'ona. Ananong'ona! Mbele ya wafumaji! Kidogo pua yake igongane na ya mzee mrefu, kioo tu kimewatenga.

"Mkurugenzi, ile karatasi uliyosaini ya mambo yote mawili, ya kuwapa wakigoma kuondoka, ninayo kwenye droo. Najua wanunuzi wa vitenge kutoka nje wanaingia saa nane, wakikuta hawa wazee getini tumeumbuka. Ila nipe muda kidogo. Haka kabibi kanakaribia kulegea."

Mzee mrefu akawageukia wenzake, mikono inapaa: imesainiwa! Yote mawili! Iko kwenye droo!

Na yule bibi wa sufuria akaashiria kwa hasira: amesema kabibi? Amesema KABIBI?

Ndani ya ofisi, bibi akazungusha kiti, akaliweka lile jicho la kushoto kwenye kioo. Akaona watu sitini na wawili, mikono yao yote inasema jambo moja: imesainiwa, iko kwenye droo, usitoke humo mpaka saa nane.

Akageuka kwa bosi, mpole kabisa. "Mwanangu, humu ndani kuna chai?"

"Chai, bibi?"

"Ya maziwa. Wala usiwe na haraka."

Chai ikaja. Bibi akapuliza. Akaonja, akaomba sukari. Akakoroga. Akauliza, mama yako hajambo? Na baba? Na wadogo zako? Mmoja mmoja, kwa majina, na yule wa mwisho anasoma darasa la ngapi. Akaomba kitafunwa. Saa saba na nusu. Akapuliza tena, na chai ilishapoa zamani! Saa nane kasoro dakika kumi bosi anatoka jasho ndani ya kiyoyozi, analegeza tai.

"Bibi, nakuomba. Hasa hasa mnataka nini?"

"Hicho kilichomo kwenye droo."

Wapendwa, bosi aliangalia droo. Akaangalia dari, akatafuta kamera. Akamwangalia bibi kama anaangalia mzimu. Akafungua.

Bibi akatoka na karatasi, ameiinua juu. Sufuria ililia siku hiyo mpaka ikapata kibonyeo. Wazee sitini na watatu walicheza, magoti yakasahau mgomo wake, na mlinzi wa geti naye akaingia katikati. Ndiyo, jicho lilipasuliwa, yote mawili yalipona, msinikatize.

Vibarua wakatoka, habari imeshawafikia ndani. Yule dada wa marobota akaja pole pole, ulimi umemkauka.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba."

"Sisi tulikuwa tunawacheka."

"Tuliona."

"Na bado mkatuweka kwenye karatasi?"

"Sasa mwanangu, mtu akicheka ndiyo anyimwe dawa? Njoo unishike mkono, hizi ngazi za ofisi sizioni vizuri."

Haya. Mmefurahi, nimewaona. Mmepiga makofi kwenye chai. Na nimewaona vile vile kila mmoja alivyojikalisha kwenye kile kiti mbele ya bosi. Mzee wa kanisa umejiona bibi. Mwenyekiti wa vijana umejiona bibi. Hata mimi nilipokuwa naitunga hii nilijipa nafasi ya bibi, tena nikajiongezea urefu.

Samahanini sana. Bibi siyo sisi.

Sisi ni wale tuliokuwa tunapita getini.

Wewe dada uliyejifungua ukalipwa mshahara huku umelala na mtoto wako, nani alisimama juani ukapata siku hizo? Mtaje jina. Humjui. Wewe baba unayepumzika leo Jumapili na kazi yako bado ipo kesho, nani aliitwa peke yake ndani, akaambiwa waache hao wengine, chukua lako uende? Humjui. Kazi yako yote siku ile ilikuwa kucheka, na wengine tulikuwa hatujazaliwa hata kucheka hatuwezi. Na yuko Mmoja mkubwa kuliko wote hao, ambaye bei yetu ilipotajwa mbele yake tulikuwa kwenye umati, tunapiga kelele, wala hatuombi msamaha. Hakutuuza. Ndiyo maana tunaimba humu ndani. Hatuimbi kwa sababu sisi ni hodari. Tunaimba kwa sababu tumekuta jina letu kwenye karatasi ambayo hatukuipigania.

Kwa hiyo tusitoke hapa tunajisifu, hiyo kazi niachieni mimi. Kesho ukienda kazini utawakuta wazee wamesimama nje ya ofisi fulani na bango lao. Wapo kila mji. Usipunguze mwendo kuwapiga picha. Usiwaambie wakapumzike nyumbani. Salimia, weka begi lako chini, shika upande mmoja wa hilo bango. Mikono yao imechoka, na wameliandika jina lako.