Alama ya Kwanza Kwenye Kikombe cha Mti

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, maana umeme ulikuwapo na simu zilikuwapo, palikuwa na binti wa milimani aliyeitwa Namsifu. Sogeeni karibu basi, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Namsifu alimaliza shahada ya kwanza, watu wakashangilia. Akarudi chuoni kusomea shahada ya uzamili, watu wakauliza: anasomea nini tena? Akasema anasomea makumbusho na vitu vya kale. Baba yake, mzee Eliamani, akasema:

"Mwanangu, yaani nimekusomesha miaka yote hii ukasomee vyungu vya bibi yako?"

"Ndiyo, baba. Na vinu, na ngoma, na vigoda."

"Vyungu si viko jikoni? Ungeuliza tu tukakuonyesha."

Watu wakacheka, naye akacheka, akafunga begi akaenda zake. Hakuwa mtu wa kununa.

Huko chuoni akafundishwa kazi. Akafundishwa kubeba chungu kwa kukipakata chini, kamwe si kwa kukikaba shingo. Akafundishwa kuvaa glovu kabla ya kugusa chochote. Akafundishwa kwamba mwizi hayatishi makumbusho kama bungua anavyoyatisha, yule mdudu anayekula mti kwa ndani huku nje pakionekana pazima. Yote hayo aliyashika vizuri. Lakini mimi nitawaambia kilichompeleka, maana wengi hawakukijua.

Kwao milimani palikuwa na kikombe cha mti, kipana, chenye mpini mfupi. Ndugu wakigombana, waliitwa mbele ya mama yao. Mama alionja kwanza, kisha wagomvi wakanywa kikombe hicho hicho, na ugomvi ukaisha. Yule aliyeleta suluhu alichongewa alama ndogo ukingoni. Na alama hiyo haikuwa pambo, jamani. Mwenye alama ya mwisho ndiye aliyegawa zamu za maji ya mfereji: leo shamba hili, kesho shamba lile, na hakuna aliyembishia.

Basi akapita mkusanyaji mmoja wa vitu vya kale, akakisifu kikombe, na babu mmoja ambaye ukoo haupendi kumtaja akampa. Kikaishia kwenye rafu ya makumbusho mjini. Mwenye alama ya mwisho akafa, mfereji ukabaki hauna mgawaji, na kila mwenye jembe akawa anajigawia mwenyewe.

Ndipo wakagombana Eliamani na mdogo wake, Sefania. Kiangazi kimoja Eliamani alielekeza maji kwenye mahindi yake, siku ambayo Sefania alisema ni yake. Maharage ya Sefania yakanyauka yakiwa kwenye maua. Huyu akasema neno, yule akajibu neno, na baada ya hapo hawakusemezana tena. Akija huyu msibani, yule anaaga. Wakikaa kwa mama yao, wanapitishia maneno kwake: "Mama, mwambie mwanao." "Mama, mwambie na yeye mwanao." Na mama mtu, Bibi Nakiete, alipika vyungu viwili, kwa sababu huyu hakula kilichopakuliwa kwenye chungu cha yule.

"Mjukuu wangu," Bibi alimwambia Namsifu, "mimi nimechoka kuinjika vyungu viwili. Kabla sijafa nataka niwapakulie wanangu kwenye chungu kimoja. Hilo tu."

Hilo tu ndilo lililompeleka Namsifu kusomea makumbusho. Alimpenda bibi yake kuliko kitu chochote, na alijua kikombe kiliko.

Akachagua kukiandikia tasnifu: kikombe kirudi nyumbani, kinywewe, kipatanishe, naye aeleze jinsi kitu cha kale kinavyoweza kurudi kazini. Msimamizi wake alikuwa Dokta Mwaipopo, mtunzaji wa makumbusho yale yale, mama asiyepamba maneno. Akamwambia: "Kikirudi kikafanya kazi, una tasnifu. Kisipofanya, huna." Namsifu akakubali.

Sasa, kazi hiyo ina desturi yake: kabla kitu hakijatoka, kinapimwa. Watunzaji wa zamani, katika kumkomoa bungua, walikuwa wakipaka vitu vya mti sumu ya wadudu. Hawakuwa watu wabaya. Walitaka vitu vidumu, na hawakufikiri kuna atakayekuja kuvinywea. Namsifu akapima kikombe. Sumu. Akasafisha kifaa, akapima tena. Sumu, tena imezama ndani kabisa ya mti, haisuguliki wala haioshwi.

Alikuwa peke yake chumbani. Aliumia, akalia waziwazi, kwa sababu aliona jinsi ilivyo rahisi kunyamaza. Kikombe kingekwenda, watu wangefurahi, tasnifu ingepita. Kisha akakumbuka nani anaonja kwanza. Akajifuta uso, akaenda kugonga mlango wa Dokta.

"Dokta, kikombe hakinyweki."

"Unajua maana yake?"

"Najua. Sina tasnifu."

"Umesema mwenyewe," Dokta akajibu. "Nenda ukawaambie na wenyewe."

Akaenda kuwaambia. Sefania akaguna. "Hao wa makumbusho hawataki tu kukiachia kikombe chetu. Sumu, sumu! Wamekupa neno la kutuambia, nawe umelibeba."

"Si wao waliopima, baba mdogo. Nimepima mimi."

Eliamani hakusema kitu. Angekubali angekuwa anabishana na mdogo wake, angekataa angekuwa anakubaliana naye. Bibi Nakiete ndiye aliyekata shauri. "Mti uliotoa kikombe kile bado unaota hapa kwetu. Kichongwe kingine. Na kile cha zamani kije kikae pembeni, watu wakione, wajue tulikotoka."

Fundi akachonga kipya. Dokta Mwaipopo akakubali cha zamani kije, kwa sharti moja: kikae kwenye sanduku lake, na asikiguse mtu bila glovu. Namsifu akaitikia, sharti likawa juu yake.

Siku ikafika. Ukoo umekaa uani. Kikombe kipya kimejaa togwa, cha zamani kiko kwenye sanduku, na Sefania yuko upande huu, Eliamani upande ule. Eliamani akakitazama kile kipya, akakunja uso.

"Mama, mwambie mwanao, mimi sipatanishwi na kikombe kinachonuka maranda. Kile pale ndicho kikombe. Kama ni suluhu, iwe kwa kile. Kama hakinyweki, kila mtu arudi kwake."

Mnamwona? Alitaka kile ambacho alijua hakiwezekani. Sote tunawajua watu wa namna hiyo. Wengine tumekaa nao hapa.

Namsifu alikuwa wapi? Alikuwa amepiga magoti mbele ya bibi yake. Bibi alitaka kukishika kikombe cha zamani, kile alichokiona siku za ubibi harusi wake, na Namsifu hakuwa na moyo wa kumkatalia. Akafungua sanduku, kisha akaanza kumvalisha Bibi glovu. Lakini vidole vya uzeeni havikunjuki. Hiki kinaingia, kile kinatoka. Anakirudisha kile, hiki kinachomoka. Macho yake yote yalikuwa kwenye mikono ya Bibi.

Sefania akainuka. Akachukua kikombe cha zamani kwa mkono mtupu, akamiminia togwa kutoka kwenye kile kipya, akanywa.

"Mama, mwambie mwanao," akasema, akijifuta mdomo. "Mimi nimekunywa. Bado yeye." Akakiinua tena.

Eliamani aliruka kutoka alipokuwa. Akakipiga kikombe kwa kofi, kikaangukia jiwe la kusagia, kikapasuka.

"Sefania! Tema! Tema, mdogo wangu!"

Tangu maharage yanyauke, hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kutoka kwa mmoja wao kwenda kwa mwingine bila kupitia kwa mama.

Sefania kwanza alicheka. Kisha akashika tumbo. Kisha akatapika, na miguu ikamwisha nguvu. Eliamani akampandisha mgongoni, na Sefania si mwembamba, wakaanza kuteremka kwenda kituo cha afya. Namsifu akatangulia mbio, simu sikioni, akimtajia daktari jina la sumu. Walipofika, tiba ilikuwa tayari.

Sefania akapona. Wakarudi pamoja, mmoja amemshika mwenzake mkono. Bibi Nakiete akajaza kikombe kipya, akaonja, akawapa, wakanywa. Kisha akaingia jikoni, akainjika chungu kimoja. Alikuwa akilia huku akikoroga, na hakumficha mtu.

Mnadhani imeisha? Bado alama. Kikombe kipya hakina hata moja, na kwa desturi yao, kikombe kisicho na alama ni chombo cha kunywea tu. Kilichopatanishwa nacho jana hakifungi mtu kesho. Tena mwenye alama ndiye atakayegawa maji, na kiangazi kilikuwa kimeshafika mlangoni. Bibi akatoka jikoni na kisu kidogo, akakaa. "Haya," akasema. "Nani ameleta suluhu hii?"

Sefania akasema: "Ni mimi. Bila mimi kunywa, kaka angerudi kwake na kiburi chake, na sisi tungerudi kwetu. Kila mtu aliweka maneno. Mimi niliweka tumbo langu."

Eliamani akasema: "Lakini wewe hukuamini kama kuna sumu. Mtu aliyekunywa kinywaji anachokiona salama ametoa nini?"

"Niliamini, sikuamini, hilo ni langu na Mungu wangu. Mlichokiona ni kwamba nimekunywa."

Eliamani akasema: "Ni mimi. Ugomvi wetu ulikuwa kimya, na kimya nimekivunja mimi. Bila mimi kukupiga kikombe mkononi ungekimaliza. Bila mgongo wangu usingefika kwa daktari."

Sefania akasema: "Na bila wewe kufunga maji kusingekuwa na ugomvi. Bila wewe kukataa kikombe kipya nisingegusa cha zamani. Aliyewasha moto analipwa kwa kuuzima?"

Eliamani akainamisha kichwa. "Ni kweli," akasema. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo, na watu wakatazamana.

Kisha Namsifu akasema, ingawa wa kushindana nao walikuwa baba yake na baba yake mdogo. "Ni mimi. Bila mimi kupima, Bibi angeonja kwanza, na leo tungekuwa tunazika. Bila mimi kusema ukweli, mngekunywa nyote wawili. Bila mimi kuijua sumu kwa jina, daktari angekuwa anabahatisha. Na ukweli huo nimeusema nikijua unaninyang'anya tasnifu yangu."

"Mwanangu," baba yake akamwambia, bila ukali, "sumu hiyo uliileta wewe hapa. Sanduku ulilifungua wewe. Sharti lilikuwa juu yako."

"Ndiyo, baba."

"Na ukipewa alama, maji utayagawa kutoka chuoni? Kwa simu?"

Watu wakacheka, lakini Namsifu safari hii hakucheka. Alikuwa amekwisha mpigia Dokta Mwaipopo, akamweleza kwamba kikombe cha makumbusho kimepasuka, na kimepasuka kwa uzembe wake. Dokta alivuta pumzi ndefu. Akamwambia alete vipande vyote, hata vidogo, na aandike yote kama yalivyotokea. Kuhusu tasnifu akasema: "Kikombe cha zamani hakikurudi kazini. Lakini hicho kipya, kama kitapata alama na alama ikaheshimiwa, hapo utakuwa na la kuandika. Alama ni ya nani?"

"Sijui, Dokta."

"Basi tasnifu yako haijaisha."

Na kweli hakujua. Alimtazama baba yake: huyo akipewa maji, aliyefunga mfereji ndiye atakayeufungua, na Sefania atalala na jicho moja wazi. Akamtazama baba yake mdogo: huyo akipewa maji, atakumbuka maharage yake kila asubuhi. Akajitazama mwenyewe: anaondoka na basi la kesho, akiwa na vipande kwenye sanduku.

Bibi Nakiete naye aliwatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, akaweka ncha ya kisu kwenye ukingo wa kikombe. Hajakata bado. Ananisubiri mimi niseme, nami nawasubiri ninyi. Chungu kimoja kiko jikoni, kinachemka. Akiichonga alama kwa asiyestahili, kesho ataamka kuinjika viwili, na safari hii hakuna kikombe kingine makumbusho cha kukimbilia.

Haya, ninyi mliokuwa mkitikisa vichwa tangu mwanzo: kwa Sefania aliyekunywa, kwa Eliamani aliyeita "mdogo wangu", au kwa Namsifu aliyesema hakinyweki? Je, Bibi aichonge alama ya nani?